Istilahi za Ufugaji wa Kamba Wasafishasamaki

Mfasiri wa kitabu cha ufundi aghalabu hujiona amemaliza kazi yake pindi kila neno la kigeni lipatapo neno la Kiswahili la kukaa mahali pake. Lakini kitabu cha ufundi ni kitabu cha kutendea kazi. Msomaji wake hatafuti kuburudika. Amesimama mbele ya mtambo, au mgonjwa, au tangi, na kitabu anacho mkononi. Neno likimpeleka kombo, hasara haiishii katika karatasi. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kutumia somo dogo ambalo Kiswahili hakijalishughulikia sana, nalo ni uzalishaji na ulezi wa kamba wa baharini ndani ya matangi ya kioo ya nyumbani.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tujishughulishe na somo linaloonekana kuwa la anasa. Jibu ni kwamba mnyama mwenyewe ni wetu. Kamba huyu huishi katika miamba ya matumbawe tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kenya kwa miongo mingi imekuwa ikiuza nchi za nje samaki wa mapambo na viumbe wengine wa miambani, wanaokamatwa na wapiga mbizi wa pwani. Wanunuzi wako Ulaya, Marekani na Asia, na vitabu vinavyoeleza jinsi ya kumtunza na kumzalisha mnyama huyu vimeandikwa kwa lugha za huko. Mpiga mbizi anayemtoa mwambani hana kitabu hata kimoja kwa lugha yake. Tena, kamba wengi wanaouzwa ni wa kukamatwa, si wa kuzalishwa. Hivyo kila hatua katika ufundi wa kuwazalisha ni nafuu kwa mwamba. Zaidi ya hayo, maneno yanayohitajika hapa ndiyo yale yale anayoyahitaji mwalimu wa biolojia wa sekondari na bwana samaki wa wilaya.

Kipimo changu cha kila istilahi kitakuwa msomaji wa Singida, mkoa nilikozaliwa na kusoma shule. Singida iko nyanda za kati, kiasi cha kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wengi wa huko humaliza shule bila ya kuiona bahari. Istilahi inayoeleweka kwa mtu wa Kizimkazi au Kilwa huenda imesaidiwa na macho yake, kwa sababu kitu chenyewe amekwisha kukiona. Ile inayoeleweka na mtu wa Iramba au Manyoni imesimama kwa nguvu zake yenyewe.

Jina la mnyama

Mnyama tunayemzungumzia hufikia urefu wa sentimita tano au sita. Ubavu wake ni wa manjano iliyofifia, mgongo wake ni mwekundu, na katikati ya wekundu huo umepita mstari mweupe kutoka kichwani kuelekea mkiani. Papasi zake, yaani zile nyuzi ndefu za kichwani za kupapasia, ni nyeupe. Wataalamu humwita Lysmata amboinensis, na neno la pili katika jina hilo linatokana na kisiwa cha Ambon kilichoko Indonesia. Hukaa katika mapango madogo ya mwamba akipungapunga papasi zake, na samaki humjia. Samaki husimama kimya, akafumbua kinywa na kufunua matamvua, na kamba humpanda mwilini akimchokoa vijidudu nyonyaji na ngozi iliyokufa. Hata chewa na mkunga, ambao kwa kawaida wangemla kamba yeyote, humwachia huyu aingie kinywani na kutoka salama. (Mfasiri ajihadhari na huyo mkunga: mwanafunzi wa bara anamjua mkunga wa wazazi tu, na upatanisho wa sarufi hautamsaidia kuwatenganisha, maana wote wawili ni wa ngeli moja. Inafaa kuandika ‘samaki mkunga’ pale anapotajwa kwa mara ya kwanza.)

Neno ‘kamba’ nalo halina taabu pwani, lakini Singida lina taabu, kwa kuwa huko kamba ni ya kufungia mbuzi. Hapa sarufi inatusaidia: kamba ya kufungia ni ‘hii’ na ‘hizi’, kamba wa baharini ni ‘huyu’ na ‘hawa’. Mwalimu akiuzingatia upatanisho huo tangu sentensi ya kwanza, mwanafunzi hapotei. Ni hoja ndogo, lakini nimekuta tafsiri ambamo mfasiri ameandika ‘kamba hizi zinakula’, na msomaji asiye na picha hawezi kujua kinachozungumzwa. Pia mfasiri asimchanganye kamba na ndugu zake wa sokoni. Kambamiti ni wale wakubwa wanaovuliwa kwa ajili ya chakula, uduvi ni wale wadogo mno wanaoanikwa, na kambakoche ni mnyama mwingine kabisa. Kambale, ambaye watu wa Ziwa Kitangiri wanamjua vizuri, ni samaki mwenye sharubu, wala hana undugu na kamba ila katika silabi mbili za mwanzo.

Sasa, kamba huyu aitweje? Tafsiri ya haraka ni ‘kamba msafishaji’, na sina shaka kwamba wengi wataiandika. Kasoro yake ni kwamba haisemi anasafisha nini. Msomaji aliyenunua tangi atadhani mnyama huyu anasugua kioo au anakula taka za chini, naye ataacha kubadilisha maji akimngojea kamba afanye kazi hiyo. Nimewasikia watu wakipendekeza ‘mwosha’, lakini katika jamii zetu neno hilo limekwisha kukabidhiwa anayeosha maiti, na si vema kulihamisha. ‘Mchokoaji’ linaeleza tendo lenyewe kwa usahihi kuliko yote, ila limekaa karibu mno na ‘mchokozi’. Chapa ikikosewa herufi moja au mbili, mnyama mpole anageuka kuwa mgomvi.

Kiswahili kina njia ya zamani ya kuunganisha kitenzi na kinachotendwa ili jina lijitosheleze: mfanyakazi, mpigapicha, mfuachuma. Kwa njia hiyo napendekeza ‘kamba msafishasamaki’, wingi wake ‘kamba wasafishasamaki’. Jina ni refu kidogo, lakini haliachi swali. Mwalimu wa Singida akitaka kulifafanua hana haja ya kwenda pwani. Awaonyeshe wanafunzi wale ndege wanaotua juu ya migongo ya ng'ombe wakidonoa kupe, kisha awaambie kwamba baharini kazi hiyo kwa samaki hufanywa na kamba huyu.

Maji

Katika somo hili hakuna mahali penye hatari ya istilahi kuliko kwenye maji. Desturi yetu ni kusema ‘samaki wa maji baridi’ kwa wale wa mito na maziwa, na ‘samaki wa maji chumvi’ kwa wale wa bahari. Istilahi hizo zimezoeleka katika idara za uvuvi na sipendekezi zifutwe. Lakini zote mbili, zikiingia katika kitabu cha maelekezo ya kazi, hugeuka mtego.

Tuanze na maji baridi. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke. Kinachoondoka ni maji peke yake, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila kitabu huagiza kwamba upungufu wa mvuke uzibwe kwa maji yasiyo na chumvi. Mfasiri akiandika ‘ongeza maji baridi kila siku’, msomaji atafanya nini? Ama atamimina maji ya bahari aliyoyapoza, na ukolezi wa chumvi utapanda siku hata siku, ama atamimina maji yaliyokaa nje usiku kucha. Jambo hili la pili si dogo kwa Singida, ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, ilhali kamba huyu anataka maji ya nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi wakati wote. Pwani wanalo neno la kale na zuri la ‘maji matamu’, kwa maana ya maji yasiyo na chumvi. Katika maelekezo ya kazi napendekeza hilo litumike, na ‘baridi’ liachiwe hali ya joto. Tena iongezwe kwamba maji ya bomba yakiwa yametiwa klorini, klorini hiyo iondolewe kwanza.

‘Maji chumvi’ yana mtego mkubwa zaidi, na hapa Singida yenyewe ndiyo mfano. Mji wa Singida umekaa kando ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake yana chumvi, na heroe huyatembelea. Mtu wa Singida akisoma kwamba kamba wake anahitaji maji chumvi, kwa nini asichukue ndoo akateremka ziwani? Neno linamruhusu. Ila maziwa hayo hayana mto unaotoka kwenda baharini. Maji huingia na kukauka kwa jua, na chumvichumvi za ardhi hujikusanya humo karne kwa karne, magadi yakiwa miongoni mwake. Hivyo basi maji yake ni makali kwa njia nyingine kabisa. Kamba wa baharini akitiwa humo hawezi kuishi, hata kama ulimi wa mwonjaji haupati tofauti kubwa.

Mtego huo huo umo katika chumvi ya jikoni. Katika kila kilo ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvichumvi zilizoyeyuka. Gramu 30 kati ya hizo ni sodiamu na kloridi, yaani vile vinavyofanya chumvi ya mezani. Gramu tano zilizobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo. Kamba hawezi kuishi bila ya hizo tano, kwani kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoingia katika gamba lake. Anayekaa mbali na bahari hununua chumvi maalumu iliyochanganywa na viwanda kwa kufuata vipimo vya bahari, akaiyeyusha katika maji matamu yaliyo safi. Napendekeza basi tutenganishe kwa maneno vitu ambavyo tayari vimetengana kwa asili: ‘maji ya bahari’ kwa yale yanayotekwa baharini, ‘maji bahari ya kuchanganya’ kwa yale yanayotengenezwa kwa chumvi ya viwandani, na ‘maji ya magadi’ kwa ya maziwa kama hayo ya kwetu. ‘Maji chumvi’ libaki kuwa neno la jumla, lisiingie katika sentensi yoyote inayomwambia mtu la kufanya.

Kwa kiasi cha chumvi iliyomo ndani ya maji tunalo neno ‘ukolezi’, na sioni la kulishinda. Limetoka jikoni, ambako mchuzi hukolea chumvi, na kila msomaji analielewa kabla ya kuelezwa. Kifaa chake kiitwe ‘kipimaukolezi’.

Kwa kuwa nimetaja Singida, niongeze jambo moja lisilo la lugha. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa takriban sehemu moja katika sita ikilinganishwa na pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa pwani kinaposema pampu ndogo ya hewa yatosha, mfasiri mwangalifu aweke tanbihi kwa wasomaji wa nyanda za juu.

Tukiwa bado katika maji, kuna neno moja ambalo kulitafsiri vizuri ni kuokoa tangi zima. Samaki wakiugua, dawa nyingi za madukani huwa na shaba ndani yake. Samaki huvumilia kiasi kidogo cha shaba, kamba havumilii, hufa. Vitabu vya kigeni huonya hivyo kila baada ya kurasa chache. Lakini onyo la ‘usitumie dawa yenye shaba’ halimgutushi msomaji wetu, kwa sababu shaba kwake ni sufuria na waya, tena neno hilo hilo hutumika kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano. Wakulima wa kahawa na waganga wa mifugo wanalo neno ‘mrututu’, yaani ule unga wa buluu ambao ni chumvi ya shaba. Aliyepata kuushika mrututu anajua kuwa ni sumu. Onyo liandikwe: ‘Usitie mrututu wala dawa yoyote yenye shaba.’ Hapo neno la duka la pembejeo linafanya kazi ambayo neno la kemia peke yake haliwezi.

Dume, jike na huntha

Kitabu chochote cha ufugaji kilichoandikwa kwa Kiswahili, kiwe cha kuku, mbuzi au nguruwe, hufika mahali pa kueleza jinsi ya kuchagua dume na jike. Mazoea hayo ni mazito kiasi kwamba mfasiri huyaandika hata pale ambapo maandishi ya asili hayakuyasema. Kwa kamba msafishasamaki ni kosa lenye gharama. Kila mmoja wao huanza maisha kama dume. Akikua, huota pia viungo vya kike bila ya kupoteza vya kiume, na kuanzia hapo anaweza kutoa mayai yake mwenyewe na vilevile kuyarutubisha ya mwenzake. Hawezi kuyarutubisha ya kwake. Kwa hiyo wanaohitajika ni wawili, wowote wale waliokomaa, na baada ya miezi michache wote wawili huonekana wakibeba mayai kwa zamu. Msomaji aliyeambiwa achague dume na jike atazunguka maduka akimtafuta mnyama asiyekuwapo.

Neno lipo. ‘Huntha’ limo katika kamusi zetu, limetoka katika Kiarabu, na wanasheria wa mirathi ya Kiislamu wamelitumia siku nyingi. Wapo wanaolikwepa kwa sababu watu wamelifanya tusi, wakaandika ‘hemafroditi’ wakidhani ugeni ni adabu. Siafikiani nao. Neno la kigeni refu humfanya mwanafunzi akariri bila ya kufahamu, wala halimzuii mtu mwenye ulimi mbaya kutukana. Ninakubali hata hivyo kwamba katika vitabu vya shule lifuatwe papo hapo na maelezo yake: huntha ni kiumbe mwenye viungo vya uzazi vya kiume na vya kike kwa pamoja. Konokono ni huntha, nyungunyungu ni huntha, na mimea mingi yenye maua ni hivyo hivyo. Likizoeleka kwa konokono wa bustanini, litapoteza ule ukali wake. ‘Jikedume’ lisitumike hata kidogo, maana hilo ni sifa ya mwanamke mwenye mwenendo wa kiume, si hali ya maumbile.

Neno linalobaki ni ‘jozi’. Katika ufugaji tumelizoea kwa maana ya dume na jike wake, lakini maana yake ya asili ni viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu. Maana hiyo ya asili ndiyo inayotufaa. Na wawe wawili kweli. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kamba hawa wakiwekwa watatu au wanne mahali pamoja, huuana mpaka wabaki wawili, na anayeuawa aghalabu ni yule aliyetoka kujivua gamba, wakati mwili wake ungali laini. Mfasiri anayeandika ‘weka jozi moja au zaidi’ ili sentensi ipendeze, ajue amewaandikia kamba kifo.

Kujivua gamba kwenyewe hakuna mzozo. Tangu mwaka 2011 usemi huo umepata maana ya kisiasa, baada ya Chama cha Mapinduzi kuutumia kwa kujisafisha, na wanafunzi hucheka wanapoukuta katika somo la biolojia. Acha wacheke; hawatausahau. Kwa kamba ni jambo la kila baada ya wiki mbili au tatu hivi. Gamba lote hutoka kwa mara moja, pamoja na miguu na papasi, likabaki chini ya tangi kama kamba mzima aliyekufa. Mfugaji mgeni huliona asubuhi akaomboleza. Ni saa chache baada ya kujivua ndipo kamba hupandana, na kwa sababu hiyo maelezo ya upandishaji yaje baada ya maelezo ya gamba, hata kama kitabu cha asili kimeyapanga vingine.

Kutoka yai hadi kifaranga

Katika sehemu hii Singida ina utajiri wake. Mkoa huu umesifika nchini kote kwa kuku wa kienyeji, na msamiati wa yai, kutotoa na kifaranga hakuna asiyeujua. Mfasiri autumie, ila kwa kupima.

‘Kuatamia’ halifai. Kuku huatamia ili kuyapa mayai joto. Kamba hana joto la kutoa. Yeye huyabandika mayai chini ya tumbo, kwenye vile viguu vyake vya kuogelea, akayabeba kwa muda wa wiki mbili hivi huku akiyapepea ili maji mapya yapite. Tuseme basi ‘kubeba mayai’ na ‘kupepea mayai’, na kamba wa namna hiyo ni ‘kamba mwenye mayai’, kama wavuvi wanavyosema. Mayai mapya huwa ya rangi ya kijani. Yakikaribia kutotolewa hupauka, na macho ya vitoto huonekana ndani yake kama nukta za fedha. ‘Kutotoa’ halina taabu. Mayai ya kamba hutotolewa usiku, mara nyingi muda mfupi baada ya taa kuzimwa, na huweza kutoka mamia kwa pamoja.

Kiumbe kinachotoka kiitwe nani? Hapa vitabu vyetu vimegawanyika. Vingine husema ‘lava’, neno ambalo pia ni uji wa moto wa volkano, kiasi kwamba mwanafunzi wa darasa moja analikuta asubuhi katika jiografia na mchana katika biolojia. Vingine husema ‘buu’. Buu ni neno letu na ni sahihi kwa inzi na nondo, lakini limefungamana na mzoga na uozo. Mfugaji akiambiwa kwamba tangi lake limejaa mabuu, jambo la kwanza atakalofanya ni kulimwaga. Nami napendelea ‘kiluwiluwi’. Kila mtoto aliyechezea dimbwi wakati wa masika anawajua viluwiluwi wa mbu na wa chura: ni wadogo, wanaishi majini, wanaogelea kwa namna yao, na hawafanani na wakubwa wao. Sifa zote nne anazo mtoto wa kamba. Napendekeza ‘buu’ liwe la wadudu wa nchi kavu, ‘kiluwiluwi’ liwe la viumbe vya majini, na palipo na shaka itajwe aina: kiluwiluwi wa kamba, kiluwiluwi wa chura. Najua wapo wenzangu ambao hawatakubali, wakisema neno moja lisibebeshwe mizigo mingi, na hoja yao ina uzito.

Kiluwiluwi wa kamba msafishasamaki akikua huota miguu miwili mirefu kupita mwili, iliyopanuka nchani mithili ya kafi. Miguu hii iitwe ‘makafi’, na mtu yeyote wa mtumbwi ataielewa. Hukatika upesi. Kwa ajili hiyo viluwiluwi hawachotwi kwa wavu. Huvutwa kwa nuru. Taa ndogo huwekwa kwenye pembe moja ya tangi lililo gizani, nao huifuata na kujikusanya, kisha hutekwa pamoja na maji kwa kikombe. Wasipotolewa usiku ule ule, kufikia asubuhi wameliwa na samaki au wamenyonywa na kichungi. Huhamishiwa katika chombo cha mviringo ambamo maji huzungushwa polepole mchana na usiku, ili wasitue chini wala kugonga kuta.

Chakula chao cha kwanza ni artemia. Neno hili nashauri tulichukue lilivyo, kwa upatanisho wa viumbe: artemia huyu, artemia hawa. Wapo wanaosema ‘uduvi wa chumvi’, na ni tafsiri ya kueleweka, lakini soko la Singida lina uduvi waliotiwa chumvi na kuanikwa, na mfugaji atawasaga hao. Artemia anayetakiwa ni hai. Mayai yake makavu, yaliyo kama vumbi la kahawia, huweza kukaa kwenye kopo miaka mingi. Yakitiwa katika maji bahari yenye joto na kupulizwa hewa, hutotolewa kwa muda wa saa 24 hadi 36, na kila mmoja hana hata nusu milimita. Afrika Mashariki inao: waliingizwa miaka ya 1980 katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, nao wakastawi humo. Kwa mfugaji wa bara faida yake ni kwamba kopo moja husafiri kwa basi bila ya barafu wala maji.

Baada ya hapo ni subira. Ipo jamii ya kamba hawa iliyoko Marekani ambayo viluwiluwi wake humaliza ukuaji kwa mwezi mmoja hivi. Huyu wetu huchukua miezi kadhaa, akijivua gamba mara nyingi na kubadilika umbo kidogo kila mara, na katika muda huo wengi hufa. Ndiyo sababu wanaouzwa mpaka leo ni wa kukamatwa. Vitabu vya kigeni vina jina kwa kila badiliko. Katika Kiswahili yatosha kuhesabu: kiluwiluwi wa hatua ya kwanza, wa hatua ya pili, na kuendelea. Wanaofika mwisho siku moja huacha kuelea, wakashuka chini na kushika mwamba kwa miguu. Kitendo hicho kiitwe ‘kutua’, kama ndege atuavyo, na si ‘kuzama’, ambalo msomaji atalichukulia kuwa ni kifo. Aliyetua amekwisha kupata umbo la mzazi wake ingawa ni mdogo sana. Idara za uvuvi zimekwisha kulizoesha neno ‘vifaranga vya samaki’ kwa samaki wadogo wa kupandikiza bwawani, na watu wa Singida hawakulishangaa. Kuanzia siku ya kutua, na si kabla yake, mtoto wa kamba naye aitwe kifaranga.